Mistari ya Takaba

"Idman, niambie ukweli," Weris alisema kwenye redio. "Kuna mtu huko ametukasirikia?"

Idman Gelle alisogeza kiti karibu na kipaza sauti. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, siku ya saba ya Ramadhani, Januari ya mwaka tisini na nane, na chumba cha redio cha Garissa kilikuwa tayari kimepata joto.

"Kwa nini unasema hivyo, walaal, ndugu yangu?"

"Nimeomba kwinini tarehe ishirini na nane. Nikaomba tena tarehe mbili. Ndege imetua Wajir mara mbili tangu hapo, lakini Takaba haijaletewa hata sindano. Nina watu sitini na wawili wamelala kwenye mikeka. Leo nimefungua boksi la mwisho la maji ya mishipa."

"Maombi yako yote nimeyatuma. Kompyuta ilinijibu kwamba yamepokelewa."

"Basi kompyuta yenu inasema uongo," Weris alisema bila ukali. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya Takaba, kule Mandera magharibi, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki nzima. "Angalia tena. Nitakuwa hapa."

Tangu Novemba mvua haikuwa imepumzika. Mto Tana ulikuwa umevunja kingo zake, barabara ya Nairobi ilikuwa imekatika, na ile ya kwenda Wajir ilikuwa imegeuka maji matupu mahali ambapo watu wazima walikuwa hawajawahi kuona maji yakisimama. Baada ya mafuriko walikuja mbu, na baada ya mbu ikaja homa. Kitu pekee kilichofika kaskazini ni ndege, na kilichopanda ndege kilipangwa na Ghala.

Ghala ilikuwa programu ya kompyuta ya shirika la misaada lililoitwa Tegemeo. Kila mzigo uliokwenda kituo chochote, kuanzia dawa hadi maturubai, uliombwa, ukapangwa na kuandikiwa safari ndani ya Ghala. Kwa vile Tegemeo haikuweza kuandika programu za kila hospitali, kila zahanati na kila kambi, ilikuwa imewaruhusu watu wa nje waandike zao na kuziunganisha na Ghala. Watu hao walikuwa kumi na wanne, na Idman alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka ishirini na saba, amesomea kompyuta Nairobi na kurudi kwao Garissa, na alikuwa amepewa kazi na chama kidogo cha zahanati za jamii. Programu yake ilihudumia zahanati tatu. Mbili zilikuwa karibu na mji na zilijichukulia mahitaji yao kwa trekta. Takaba ndiyo iliyotegemea ndege.

Masharti ya kuunganishwa yalikuwa kwenye kijitabu cha kurasa arobaini, na Idman aliyajua kama anavyojua jina la mama yake. Programu ya nje haigusi faili kuu. Inayaleta maombi mlangoni, na Ghala yenyewe ndiyo inayoyachukua. Programu ikibadilishwa hata kidogo, lazima ipelekwe Nairobi, ijaribiwe na kamati, ipewe namba mpya ya idhini. Namba hiyo waliiita muhuri. Programu isiyo na muhuri ilifungiwa nje.

Muhuri wake ulikuwa halali. Alikaa mbele ya kompyuta yake ndogo na kupitia majibu ya siku tisa, na yote yalisema kitu kimoja: yamepokelewa. Ndipo akamgeukia Mahat.

Mahat Yarrow alikuwa mwendeshaji wa redio wa Tegemeo, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyewahi kuwa polisi wa mawasiliano. Kwa wakati huo alikuwa pia mlinzi wa kompyuta ya Ghala, ile kubwa iliyowekwa pembeni na kufunikwa kitambaa kuzuia vumbi, kwa sababu mkuu wa ofisi, Bi Wahu, alikuwa amekwenda kwao Nyeri kwa sikukuu na mafuriko yakamzuia kurudi.

"Adeer," Idman alimwambia kwa Kisomali, kwa heshima kama ami yake, "nisaidie uangalie kitu kwenye Ghala. Mimi sitagusa. Wewe bonyeza, mimi niseme."

Mahat aliondoa kitambaa. Alibonyeza alivyoambiwa, kidole kimoja kimoja. Walifungua mafaili hadi wakafika kwenye moja ambalo Idman hakuwahi kuliona, lenye jina Yasiyotambulika. Ndani yake kulikuwa na maombi yote ya Takaba, moja baada ya jingine, yamekaa kimya.

Ilimchukua dakika ishirini kuelewa. Hapo awali kila kitu ndani ya Ghala kilikuwa na namba yenye tarakimu nne. Kwinini ilikuwa na yake, maji ya mishipa yake. Sasa mistari ya hospitali ya Wajir, iliyoingizwa na watu wa Tegemeo wenyewe, ilikuwa na tarakimu sita. Namba zilikuwa zimebadilishwa. Programu ya Idman ilikuwa bado inaleta za zamani, na Ghala ilikuwa inazipokea mlangoni, inazishangaa, inaziweka kando, na haimwambii mtu.

"Nani alibadilisha?" Mahat aliuliza.

"Nipigie Nairobi, adeer. Nataka Muema."

Peterson Muema ndiye aliyesimamia watu wa nje wote kumi na wanne. Idman hakuwahi kuonana naye. Alijua saini yake iliyosimama wima chini ya kila barua, na sauti yake ya utaratibu. Mahat aliita mara sita kabla Nairobi haijajibu.

"Garissa nakubata fizuri," Mahat alisema kwa Kiswahili chake. "Subiri, mama wa kombyuta anataka kusema."

Idman alieleza. Alijitahidi kueleza polepole. Muema alimsikiliza hadi mwisho.

"Dada Idman, tulituma waraka," alisema. "Tarehe tano Desemba. Namba mpya zinaanza tarehe ishirini na sita, na kila mwenye programu aibadilishe na kuileta kwa kamati."

"Mlituma kwa njia gani?"

"Kwa posta."

"Bwana Muema, barabara imekatika tangu Novemba. Hatujapata barua hapa tangu Novemba."

Redio ilivuma. Muema alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo. "Hilo sikulijua. Nakiri. Badilisha programu, uitume kwa mtambo wa redio, niipeleke mbele ya kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Tarehe kumi na tisa."

"Ndege inapakiwa leo saa nane."

"Najua ndege inapakiwa saa ngapi."

"Basi niandikie hapo ulipo. Nikutajie kwinini na maji ya mishipa, uweke kwenye orodha."

"Siwezi. Maombi ya mdomo yalipigwa marufuku, na unajua kwa nini. Watu walikuwa wanapiga simu, mizigo inakwenda kwa marafiki. Bi Wahu ana neno la siri la kuingiza maombi kwa mkono. Mtafute."

"Bi Wahu yuko Nyeri na simu haimpati."

"Idman. Ninajua unachokifikiria, kwa sababu mimi ndiye ningekifikiria. Faili la Garissa halina kufuli. Usiliguse. Mwaka juzi nilimwamini mtu mmoja wa nje, mtu mzuri, nikampa ruhusa ya siku moja. Programu yake ilizidisha hesabu mara mbili kwenye kituo kimoja na kingine kikaondoka na sifuri. Wiki tatu. Mimi ndiye niliyekwenda kuwaomba radhi. Usiliguse faili."

"Nimekusikia," Idman alisema.

Alikaa akiyatazama maandishi kwenye kioo. Nje jenereta ilikohoa, ikaendelea. Mahat alikuwa ameweka mikono mapajani.

"Faili lenyewe liko hapa?" aliuliza.

"Liko hapa. Vituo vyote vya Kaskazini Mashariki vimo kwenye hii mashine. Saa sita na nusu unaituma nakala Nairobi, Nairobi wanaifuata neno kwa neno, wanapakia. Nikiongeza mistari miwili ya Takaba kwa mkono, hakuna atakayejua kwamba haikupita mlangoni."

"Nawe unaweza?"

"Naweza."

"Na ukikosea?"

Mahat aliinuka, akaenda mlangoni, akatazama ua uliojaa madimbwi. Alikuwa na watoto wanane, na kazi ya redio ndiyo iliyowasomesha wale wakubwa. Idman alilijua hilo na hakutaka kulisema, maana angelisema ingekuwa kama anamwomba.

"Mimi ninakwenda kutawadha," Mahat alisema hatimaye. "Adhuhuri iko mbali, lakini leo nitachukua muda wangu. Kompyuta ya Ghala naiacha wazi. Sijakuruhusu."

Alipotoka, Idman alihamia kwenye kiti chake.

Alichukua namba mpya za kwinini na maji ya mishipa kutoka kwenye mistari ya Wajir, akazinakili kwenye karatasi na kuzilinganisha mara tatu. Kisha alilifungua faili kuu kwa chombo cha kurekebishia mafaili alichokuwa nacho kwenye diski, akashuka hadi mahali pa Takaba, na kuandika mistari miwili. Kwinini, maboksi manane. Maji ya mishipa, makasha kumi na mawili. Alihifadhi. Alifunga. Kazi yote ilichukua dakika kumi na moja, na mashine haikulalamika.

Saa sita na nusu Mahat, ambaye alikuwa amerudi na kuketi bila kuuliza kitu, aliituma nakala kwa mtambo wa redio. Ule mlio wa herufi zinazogeuzwa sauti ulijaa chumbani kwa robo saa. Nairobi ikajibu: imefika kamili.

Idman aliegemea ukuta. Kwa mazoea zaidi kuliko kwa shaka, alimwomba Mahat achapishe orodha ya safari ili awe na nakala ya kumsomea Weris. Mashine ya kuchapa ilikwaruza karatasi mstari kwa mstari. Alikuta Takaba, mistari miwili, kama alivyoiandika. Akashusha macho kwenda Wajir, na hapo akasimama.

Wajir ilikuwa imeandikiwa kwinini maboksi manane. Maji ya mishipa makasha kumi na mawili. Hiyo ilikuwa ya Takaba. Kisha vikafuata vya Wajir vyenyewe, moja, mbili, tatu, hadi kumi na saba, na orodha ikaisha kabla ya wakati wake.

"Adeer, nipe ya jana."

Jana Wajir ilikuwa na mistari kumi na tisa. Miwili ya mwisho ilikuwa imedondoka. Aliisoma kwa sauti bila kujua kwamba anasoma kwa sauti. "Dawa ya kutia visimani, mapipa sita. Maji ya mishipa, makasha arobaini."

Mahat aliinua kichwa. Wajir ilikuwa mji wake wa kuzaliwa. Wajir yote inakunywa visimani, na mafuriko yalikuwa yamevileta vyoo hadi ndani ya visima. Kulikuwa na kuhara huko, na kila mtu aliyekuwa na redio alijua.

Idman sasa alikuwa ameelewa, na alijichukia kwa urahisi wa jambo lenyewe. Ghala ilikuwa na faili jingine dogo lililoshika kumbukumbu ya mahali ambapo mistari ya kila kituo inaanzia. Yeye aliongeza mistari katikati na hakuligusa lile dogo. Ghala ilikwenda mahali palepale pa zamani kutafuta Wajir, ikaikuta Takaba, ikahesabu kumi na tisa kutoka hapo na kuacha miwili nje. Programu ya nje isiguse faili kuu: hilo faili dogo ndilo sababu. Hakuna ukurasa hata mmoja wa kijitabu ulioeleza hivyo. Kilikataza tu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini.

"Unaweza kurekebisha, utume tena?" Mahat aliuliza.

"Kutuma tena ni robo saa, na Nairobi hawapokei nakala ya pili siku hiyohiyo. Wanaikataa." Aliziweka orodha mbili sambamba mezani. "Niitie Muema."

"Idman. Ukimwambia, umekwisha. Na mimi pia."

"Nitasema ulikuwa nje. Ulikuwa nje kweli."

"Sikusema hivyo kwa ajili hiyo," Mahat alisema, na kushika kipaza sauti.

Muema alikuja hewani akiwa na haraka. Idman hakutafuta maneno. "Bwana Muema, nimeligusa faili. Nimeongeza mistari miwili ya Takaba kwa mkono, na nimeiharibu Wajir. Mistari yake miwili ya mwisho haimo. Moja ni dawa ya visima."

Mahat aligusa kitufe cha kutafutia mawimbi.

"Nipo," Muema alisema. "Ni Wajir peke yake?"

"Wajir ndiyo ya mwisho kwenye faili. Iliyo juu ya Takaba nadhani haijaguswa."

"Unadhani."

"Nadhani."

"Sheria inasema niitupe nakala yenu nitumie ya jana."

"Ya jana ina Wajir na haina Takaba."

"Najua haina Takaba, Idman." Alisikika akiongea na mtu pembeni, akimwambia asianze, asubiri. Kisha akarudi. "Sikiliza. Wapakiaji wako uwanjani tayari. Ndege ni moja na hakuna nyingine hadi Jumamosi. Ninaweza kufanya kitu ambacho asubuhi nilikuambia hakifanyiki. Nina kalamu. Unisomee orodha nzima ya Kaskazini Mashariki, kutoka mstari wa kwanza, siyo Wajir peke yake. Mimi nitalinganisha na ya jana. Ukifika Takaba unisomee polepole. Nitaweka saini yangu kwenye kila ukurasa. Una mistari mingapi?"

"Sitini na minne, pamoja na ile miwili iliyodondoka."

"Anza."

Alianza. Kituo, namba ya tarakimu sita, jina, idadi. Muema alirudia kila mstari kabla ya kwenda mwingine. Mistari kumi na miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha mawimbi yakaanza kuchafuka kama yalivyochafuka kila mchana, na sauti ya Muema ikawa inaingia na kutoka.

"Garissa, umepotea. Rudia kumi na tatu."

"Kumi na tatu, Dadaab, maturubai, mia mbili."

"Umesema mia mbili au mia tatu?"

"Mbili."

"Sikupati."

Mahat alimnyang'anya kipaza sauti kwa upole. Aliongea kwa ile sauti ya polisi wa zamani, nzito na bila haraka, akikata kila tarakimu peke yake. "Mbili. Sufuri. Sufuri. Nairobi, umesikia mbili?" Nairobi ilikuwa imesikia mbili. Tangu hapo Idman alisoma kwenye karatasi, na Mahat akarudia hewani. Jasho lilidondoka kutoka kwenye kidevu cha mzee huyo hadi mezani, na hakuna aliyeinuka kuwasha feni, maana feni ilivuruga redio.

Kwenye mstari wa thelathini na nane Muema aliwasimamisha. "Jana hapa palikuwa na blanketi hamsini. Nyinyi mnasema hamsini na tano."

Kama mstari wa juu ya Takaba nao ulikuwa umeharibika, basi Idman hakujua alichokifanya, na yote waliyoyasoma hayakuwa na maana. Alipekua karatasi za jana. Wino ulikuwa hafifu. Aliinua karatasi hadi dirishani.

"Jana pia ni hamsini na tano," alisema. "Mwambie atazame vizuri tarakimu ya pili."

"Ni tano," Muema alisema. "Kosa langu. Endelea."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika sita walipofika Takaba. Idman aliisoma mara mbili, Mahat akairudia mara mbili. Kisha Wajir, mistari kumi na tisa, ile miwili ya mwisho ikiwemo.

"Uzito umezidi," Muema alisema. "Kilo mia na arobaini, na hiyo ni Takaba. Lazima nitoe kitu."

"Utatoa nini?"

"Karatasi na wino wa ofisi zetu za Wajir na Mandera, na betri za kompyuta. Watatulaumu. Nimemaliza. Wanaanza kupakia. Idman, usifunge redio hiyo na usiguse chochote. Chochote."

"Sitagusa."

Idman aliweka karatasi mezani. Mahat alitandika mkeka wake kuswali adhuhuri aliyokuwa ameichelewesha, na yeye akaenda nyuma ya pazia akaswali yake. Aliposujudu alishindwa kuinuka kwa muda. Hakulia. Alikuwa anahesabu mistari.

Ndege ilitua Wajir asubuhi iliyofuata na Takaba saa nne, kwenye uwanja wa udongo ambao watu wa mji walikuwa wameumwagia changarawe kwa mikono. Weris alikuja hewani saa tano.

"Vimefika," alisema. "Kwinini maboksi manane. Maji ya mishipa kumi na mawili. Nimetundika chupa tisa tayari."

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi." Kisha akasema, "Watatu hawakuiwahi. Wawili jana jioni, na mmoja alfajiri. Yule wa alfajiri ni mke wa Sugow, muuza maziwa. Ameacha mtoto wa wiki tano."

Siku tisa, Idman alifikiri. Waraka mmoja kwenye gunia la posta, na mashine iliyojibu kwamba imepokea.

Februari, barabara ilipopitika tena, aliitwa Nairobi. Kamati ilikaa kwenye chumba cha ghorofa ya tatu, watu saba na jagi la maji. Walimsomea masharti ambayo angeweza kuwasomea wao. Waliuliza kama mwendeshaji wa redio alikuwepo alipoligusa faili, naye akasema hakuwepo. Waliuliza kama alijua hatari, akasema alijua kwamba ipo, hakujua iko wapi.

"Kwa nini ulijitaja?" aliuliza mama mmoja mwenye miwani. "Kosa lingeonekana Wajir baadaye, na huenda lisingefuatiliwa hadi kwako."

"Wajir wangekosa dawa ya visima."

"Hiyo tu?"

"Sikuwa na sababu nyingine wakati ule," Idman alisema. "Na mimi niwaulize. Ghala ilipoyaweka kando maombi yetu, kwa nini haikutuambia?"

Mama mwenye miwani aliandika kitu.

Wakamsimamisha miezi sita. Muema alipewa onyo la maandishi kwa kupokea maombi ya mdomo. Mahat hakuguswa. Lakini kikao hichohicho kilipitisha mambo ambayo yalikuwa yamelala mezani mwaka mzima: hakuna badiliko litakaloanza kabla ya kila mwenye programu kuthibitisha kwa redio kwamba amelisikia, ombi linalokataliwa lirudishwe kwa aliyelituma, na kila siku ya kupakia awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kutoa muhuri wa muda.

Kwenye ngazi alikutana na mwanamume mfupi mwenye mvi za mapema, ameshika faili kifuani. Alimtambua alipofungua kinywa.

"Dada Idman. Mimi ndiye Muema."

Walisalimiana.

"Niliiandikia kamati kwamba usimamishwe," Muema alisema. "Nilitaka ulisikie kwangu."

"Nimelielewa."

"Huna hasira?"

Idman alifikiri. "Ninayo. Si kwa ajili ya miezi sita. Kijitabu chenu kina kurasa arobaini za usifanye, na hakuna hata moja inayosema kwa nini. Ningelijua lile faili dogo, ningeandika mistari yangu mwishoni. Au ningekaa nikaiacha. Sijui. Lakini ningechagua nikijua."

Muema alilishusha faili lake. "Tulificha kwa makusudi," alisema. "Tuliogopa kwamba watu wakijua jinsi Ghala ilivyo ndani, watajaribu kuichezea."

"Nimeichezea bila kujua."

"Ndiyo," alisema. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Alimwomba wakae chini, pale pale kwenye ngazi, amweleze hatua kwa hatua alivyolifungua faili na alichokiona. Idman alitazama saa. Basi la Garissa lilikuwa linaondoka saa saba, nusu saa baadaye. Alikaa. Muema alitoa kalamu, na akaanza kuandika.